Mike Webster: Nguzo ya Steelers aliyelipa kwa ubongo wake

Michael Lewis Webster, ambaye mashabiki walimwita "Iron Mike", yaani Mike wa Chuma, alikuwa mchezaji wa futboli ya Kimarekani aliyesakata misimu 17 katika ligi ya kulipwa ya NFL. Alizaliwa tarehe 18 Machi 1952 mjini Tomahawk, jimbo la Wisconsin, na akaaga dunia jijini Pittsburgh tarehe 24 Septemba 2002 akiwa na umri wa miaka 50. Alitwaa ubingwa mara 4. Hata hivyo, leo jina lake hutajwa zaidi na madaktari na mawakili kuliko watangazaji wa mpira. Sababu yake inamhusu kila mzazi mwenye mtoto anayecheza mchezo wa kugongana.

Kazi ya senta

Futboli ya Kimarekani si kabumbu letu. Inakaribiana zaidi na raga, ila wachezaji huvaa helmeti na mabega ya plastiki, na mchezo husimama kila baada ya sekunde chache kisha huanza upya. Webster alicheza nafasi ya senta, katikati ya safu ya wachezaji 5 wanaomkinga kwotabeki, yule anayegawa mpira.

Senta huinama, huushika mpira ulio chini na kuupitisha nyuma kati ya miguu yake. Papo hapo hukutana ana kwa ana na jitu la zaidi ya kilo 100 linalotaka kupita. Hafungi, hakimbii na mpira, na mara nyingi hutajwa tu akikosea. Enzi za Webster, kichwa kilikuwa silaha ya kwanza ya mchezaji wa safu hiyo. Kishindo kimoja hakikumwangusha mtu. Lakini vishindo hivyo vilikuja makumi kwa siku, mazoezini na kwenye mechi, mwaka baada ya mwaka.

Kutoka shamba la viazi hadi Super Bowl

Webster alilelewa katika shamba la viazi na akachezea Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1974 Pittsburgh Steelers walimchukua katika raundi ya 5 tu, kwa kuwa wengi walimwona mdogo wa mwili kwa kazi hiyo. Mwaka huo huo klabu iliwachukua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth. Wote 4 baadaye waliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futboli.

Alifidia udogo wake kwa kunyanyua vyuma na kwa kuujua mchezo. Alitoka uwanjani mikono wazi hata kwenye baridi ya theluji, na wapinzani walijua wamefika kwa nani. Steelers walishinda Super Bowl mara 4 katika miaka 6, na Webster alikuwamo zote. Aliitwa mara 9 kwenye Pro Bowl, mechi ya wachezaji bora wa msimu. Aliichezea Steelers mechi 220 hadi mwaka 1988, kisha akamalizia Kansas City Chiefs misimu 2. Alipostaafu alikuwa amecheza mechi 245. Mwaka 1997 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa mjini Canton, Ohio.

Baada ya makofi

Siku ile ya heshima, mtu mwenyewe alikuwa tayari ameanza kupotea. Alisahau mambo, alikasirika bila sababu, alishindwa kushika kazi wala pesa. Ndoa yake ilivunjika. Kuna siku alilala ndani ya gari lake au kwenye kituo cha treni. Maumivu yalimkosesha usingizi hadi akawa anajipiga shoti kwa kifaa cha umeme ili apate kulala. Mwanawe aliyekuwa bado kijana ndiye aliyekaa naye kumtunza.

Mwaka 1999 bodi ya pensheni ya wachezaji ilikubali kwamba Webster amelemaa kabisa na kwamba chanzo ni kugongwa kichwa uwanjani. Lakini ilibishana naye kuhusu ulemavu huo ulianza lini, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo iliyoamua kiwango cha malipo. Kesi iliendelea hata baada ya kifo chake. Desemba 2006 mahakama ya rufaa iliipa familia ushindi wa zaidi ya dola milioni 1, miaka 4 tangu mwenyewe afariki.

Daktari kutoka Nigeria

Webster alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mwili wake ulifikishwa katika ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Kaunti ya Allegheny, mikononi mwa mwanapatholojia kijana, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria aliyesomea udaktari huko huko. Omalu hakuifuata futboli na hakumjua marehemu.

Kwa macho, ubongo ulionekana mzima. Omalu hakuridhika. Aliuhifadhi, ukakatwa vipande vyembamba, na chini ya hadubini akaona mabonge ya protini iitwayo tau mahali yasipopaswa kuwa. Ulikuwa ugonjwa wa CTE, uharibifu wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara. Tangu 1928 madaktari walikuwa wameandika kuhusu hali kama hiyo kwa mabondia. Kwa mchezaji wa NFL, hiki ndicho kisa cha kwanza kuthibitishwa.

Omalu na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2005 katika jarida la Neurosurgery. Madaktari wa kamati ya NFL waliandika kutaka makala hayo yaondolewe. Hayakuondolewa, na visa vingine vikafuata. Maelfu ya wachezaji wastaafu waliishtaki ligi, na mwaka 2015 jaji akaidhinisha mapatano ya fidia yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 1. Mwaka 2016 afisa mkuu wa NFL alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba futboli ina uhusiano na CTE.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Kwa Webster mambo yaligeuka: ligi iliyomjua ilivutana naye juu ya tarehe, na Mwafrika asiyemjua ndiye aliyeuliza ni nini kilichomuua pole pole.

La kujifunza

Mkenya Daniel Adongo alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, kwa hivyo mlango wa NFL si ndoto kwa vijana wetu. Wanaopanda ulingoni au kuingia kwenye skramu hapa nyumbani ni wengi zaidi. CTE haina tiba, na huthibitishwa kwa kuchunguza ubongo baada ya kifo. Kinachobaki ni kinga. Mtoto aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika, akachanganyikiwa au akapoteza fahamu atolewe uwanjani, apelekwe kwa daktari, na asirudi siku hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Webster naye alikuwa akirudi kila mara, na uwanja mzima ukimshangilia.