Sandarusi ya Unguja Ukuu na Moshi wa Pwani

Katika maandishi mengi juu ya utamaduni wa Waswahili, chetezo huhesabiwa pamoja na vitu vilivyoshuka majahazini: ubani ulitoka Arabuni, udi ukatoka Bara Hindi, nasi tukapokea na kuiga. Maelezo hayo yana ukweli wake. Udi hauoti kwetu. Unatoka Assam na nchi za kusini-mashariki mwa Asia, na kila kijiti kilichowahi kufukizwa Lamu au Zanzibar kilivuka bahari. Lakini kuichukua habari ya udi na kuifanya habari ya moshi wote wa pwani ni kosa, na ushahidi wa kulipinga umeshachapishwa tangu 2015. Wasomaji wa Kiswahili hawajafikishiwa.

Ushahidi wenyewe umetoka Unguja Ukuu, bandari ya kale kusini mwa kisiwa cha Unguja. Huko wanaakiolojia walipata chombo cha madini ya shaba cha karne ya 7 hadi ya 8, kikiwa bado na utomvu ndani yake. Alison Crowther na wenzake wakaupima kwa mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja. Mtu angetarajia ubani wa Dhofar, huko Arabuni. Waliyoikuta, kwa sehemu kubwa, ni sandarusi: utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani yetu wenyewe. Wakaitafsiri kuwa ni buhuri. Tukumbuke kwamba maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, kisiwani humo humo, ni ya 1107. Chombo kile kinautangulia mwaka huo kwa karne tatu au zaidi.

Wapo watakaosema kwamba chombo kimoja hakitoshi, na kwamba huenda aliyekitia moto alikuwa mfanyabiashara mgeni aliyeishiwa ubani wake akatafuta cha kushika nafasi yake. Hoja hiyo naiheshimu, maana chombo hakisemi kilikuwa cha nani. Hata hivyo mgeni huyo angejuaje ni mti gani wa kugema, au ni wapi pa kuchimba utomvu uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe? Lazima palikuwa na mwenyeji aliyemwonyesha, na mwenyeji huyo tayari alijua kwamba kitu kile kikikutana na kaa hutoa harufu. Hoja nyingine, kwamba Waafrika wa pwani hawakuwa na haja ya manukato mpaka walipofundishwa, sioni sababu ya kuipotezea wino.

Kitabu kinachotajwa sana na wanaotetea hoja ya majahazi ni *Periplus*, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Ni kweli kwamba Rhapta, bandari ya mwisho ya kusini, inaorodheshewa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, bila buhuri. Lakini wakirudi nyuma kurasa chache watakuta bandari za Pembe ya Afrika, kuanzia Malao, yaani Berbera, hadi rasi ya Guardafui, zikiuza ubani na manukato kwa meli za Misri. Ubani wa Kisomali ni utomvu wa mti wa Kiafrika. Wamisri walikuwa wameshafuata buhuri zamani zaidi: kwenye kuta za hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari imechorwa safari ya kwenda nchi ya Punt, na watu wamebeba miti ya buhuri pamoja na mizizi yake. Mafunjo ya Ebers, ya mwaka 1550 hivi K.K., yana tiba ya mgonjwa kuvuta kwa mwanzi moshi wa dawa iliyowekwa juu ya mawe ya moto. Kwa hiyo moshi kama tiba haukuhitaji kusubiri meli ya mtu yeyote ili ufike Afrika.

Ulaya nayo ilikuwa na moshi wake wa tiba. London iliwasha mioto mitaani Septemba 1665 ili kuisafisha hewa ya tauni, na karne iliyofuata madaktari wake walipuliza moshi wa tumbaku ndani ya miili ya watu waliozama majini, wakitumaini kuwarudishia uhai.

Karne ya 19 ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa sababu ndipo sandarusi ilipoacha kuwa moshi ikawa vanishi. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua kwa wingi Zanzibar. Wachimbaji walikuwa watu wa bara ya Mrima, hasa Uzaramo, waliofukua ardhi mahali ambapo msitu ulikuwa umekufa zamani. Sandarusi mbichi ya mtini, iliyoitwa chakazi, haikuwa na bei nzuri. Iliyotakiwa ni ile ya ardhini, iliyolala muda mrefu mpaka ikapata gamba. Gamba hilo lilioshwa kwa maji ya magadi, na chini yake uso wa utomvu ukaonekana una vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Vipele hivyo ndivyo vilivyomhakikishia mnunuzi kwamba mzigo ni wa ardhini kweli. Salem kulikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple kwa kazi hiyo ya kuosha. Kutoka hapo ikayeyushwa, ikapakwa samani na magari ya farasi. Vitabu vya biashara vya enzi hiyo vimeandika uzito na bei ya mizigo, na wanahistoria wetu wakafuata vitabu hivyo. Ndiyo maana mwanafunzi akisikia sandarusi leo hukumbuka forodha, wala hajui kwamba iliwahi kuwekwa juu ya kaa.

Matumizi ya nyumbani hayakuwa na karani wa kuyaandika. Mwandishi mmoja aliyesaidia ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900. *Desturi za Waswahili*, iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903, inazungumzia ndoa, uzazi, uganga na pepo kwa ulimi wa mtu aliyekulia humo. Anayejua kilinge, yaani mahali pa uganga, ataelewa uzito wa maelezo hayo. Mgonjwa hukalishwa, hufunikwa shuka, chetezo hupitishwa chini, na fundi husubiri mpaka pepo apande. Ubani una mahali pake na uvumba una pake, na mteja akifukizwa kisichomfaa pepo wake, fundi atalaumiwa. Wamisionari waliiita kazi hii ushetani, ilhali misa za baadhi yao wenyewe ziliendeshwa kwa ubani. Mama mzazi kufukizwa siku zake za arobaini, na kanga kutandazwa juu ya tenga lililopinduliwa juu ya chetezo ili zishike harufu, hayo hawakuyaona kabisa, maana yalikuwa ya wanawake, ndani ya nyumba.

Desturi ya kujifukiza haijaisha: mwaka 2020 Watanzania wengi walipiga nyungu kwa hofu ya UVIKO-19. Nyungu ni mvuke, si moshi, na haikuthibitika kuyaponya maradhi yale. Moshi nao unamdhuru mwenye pumu, na asifukizwe. Hilo halituondolei wajibu wa kuijua historia yetu.

Nyumba nyingi bado zina bibi anayejua ni utomvu gani huchanganywa na gani, kwa nani na kwa siku ipi. Akaulizwe sasa, jina la mti liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kilatini, na makumbusho ya Zanzibar na Dar es Salaam yaweke kipande cha sandarusi kando ya chetezo, si kando ya mizani ya forodhani pekee.