Ngamia, Piano na Shangingi: Nani Anabeba Hasara?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, kuna ndugu yetu wa Getanuwas, kule Hanang, anayelima ngano na kufuga, ameniletea swali kwa ujumbe mrefu wa sauti (nimeusikiliza wote, wallahi). Anataka Land Cruiser jipya, lile ambalo Watanzania tumelipa jina la shangingi. Bei yake ni mamia ya mamilioni, naye ana sehemu tu ya fedha hiyo. Ameambiwa anaweza kuchukua mkopo wa riba na kuweka shamba dhamana. Ameambiwa pia kuna kukodi kwa miaka minne, akimaliza kulipa gari linakuwa lake. Au akodi tu, muda ukiisha arudishe. Anauliza ipi halali, na ipi itamwacha salama.

Swali hili lina historia ndefu kuliko gari lenyewe, basi tuanze huko.

Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wa sallam) alipojiandaa kuhama Makka, Abu Bakr (radhiya Allahu anhu) alikuwa ameshawalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne, akiwatayarisha kwa safari. Akampa Mtume ﷺ mmoja. Mtume ﷺ akakubali kwa sharti la kulipa thamani yake. Fikiria: rafiki wa karibu kuliko wote, katika saa ya hatari, na bado bei ikatajwa. Baadhi ya wanachuoni wamesema alitaka hijra yake iwe kwa mali yake mwenyewe. Safari hiyo hiyo ilikuwa na mtu wa kukodiwa: kiongozi wa njia kutoka Bani ad-Dil, aliyekuwa bado katika dini ya Maquraishi, akaajiriwa kwa ujira na kupewa miadi ya kukutana nao kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Imamu Bukhari ameiweka habari hii katika Kitabu cha Ijara. Kwa hiyo kununua na kukodi vyote vilikuwepo katika safari moja tukufu. Anayesema kukodi ni unyonge, au kununua kitu kizuri ni kiburi, hajaisoma sira.

Miaka baadaye likatokea jambo la Jabir bin Abdillah (radhiya Allahu anhuma). Ngamia wake alikuwa amechoka njiani, akibaki nyuma ya msafara. Mtume ﷺ akamwombea, ngamia akachangamka, kisha akataka kumnunua. Jabir akauza kwa sharti kwamba atampanda mpaka wafike Madina. Mtume ﷺ akakubali. Walipofika alimlipa bei yake kamili, kisha akamrudishia na ngamia mwenyewe zawadi. Mafaqihi wamekaa juu ya hadithi hii kwa karne nyingi: umiliki umehama, lakini matumizi yamebaki kwa muuzaji kwa muda. Wakatofautiana sharti hilo lina mipaka gani. Walichokubaliana ni kwamba lazima ijulikane kitu ni cha nani.

Kwa nini lazima? Kwa sababu ya kanuni iliyopokewa kutoka kwa bibi Aisha (radhiya Allahu anha), al-kharaju bid-dhaman: faida inamfuata anayebeba dhamana ya hasara. Anayekula matunda ya mali ndiye anayelia mali ikifa. Wafugaji wa nyanda za juu za Mbulu na Hanang wanalijua hili bila kusoma Kiarabu. Ng'ombe akiwekwa kwa jirani atunzwe, mtunzaji anapata maziwa na samadi, ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa bila uzembe, hasara ni ya mwenyewe. Hakuna mzee atakayemdai mtunzaji alipe ng'ombe wa Mungu aliyekufa.

Na ndugu yetu huyu, kila msimu anakodi trekta kwa ekari, na kombaini wakati wa kuvuna. Klachi ikiungua katikati ya shamba, nani anaitengeneza? Mwenye trekta. Ameishi na ijara sahihi maisha yake yote, ila hakuijua kwa jina.

Sasa tuone upande wa pili ulivyokuja. Marekani, katika miaka ya 1850, kampuni ya cherehani ya Singer ilianza kuwapa watu mashine kwa malipo ya kidogo kidogo. Uingereza nako wafanyabiashara walitoa mali kwa awamu, lakini wakawa na hofu: mteja akiiuza mali kabla ya kumaliza kulipa, tutaipataje? Mwaka 1895 kesi ya piano ilifika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya nchi ile. Mtu alichukua piano kwa malipo ya miezi 36, na kabla hajamaliza akaiweka rehani kwa mkopeshaji. Majaji wakasema: kwa kuwa mkataba unamwita mkodishwaji, naye hakujifunga kununua, piano bado ni ya mwenyewe, irudishwe. Tangu siku hiyo wafanyabiashara wakaelewa faida ya neno "kukodisha". Ukiita mauzo yako kukodisha, mteja akikwama unachukua mali yako. Lakini mali ikiharibika, mkataba unamtaka mteja aendelee kulipa. Mfumo huo ulifika kwetu na sheria za Kiingereza, na Tanzania ikautungia sheria yake mwaka 1966. Upande wa magari, General Motors ilishafungua kampuni ya kukopesha wanunuzi tangu 1919.

Mnaona kilichotokea? Umiliki umebaki kwa tajiri, hasara imehamia kwa maskini. Kanuni ya al-kharaju bid-dhaman imepinduliwa.

Ndiyo maana Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh, Septemba 2000, likapambanua. Likakataza mikataba miwili, ya kukodi na ya kuuza, kukaa juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Likaruhusu ijara inayoishia kwenye umiliki pale ijara inapokuwa ya kweli: dhamana ya mali iwe kwa mwenyewe, na bima, kama ipo, alipie yeye. Umiliki uje baadaye kwa mkataba wake mwenyewe, au zawadi. Kwetu Tanzania, Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kama benki ya Kiislamu kamili, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya aina hii. Jina la Kiislamu kwenye bango halitoshi, soma mkataba.

Watu wa Hanang hawahitaji mfano wa kubuni. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi. Walifariki ndugu zetu zaidi ya 80, Allah awarehemu waliokufa katika imani, na nyumba na magari yakasombwa. Mkopo wa riba hausombwi na tope. Gari linakwenda, rejesho linabaki, na shamba lililowekwa dhamana linafuata.

Basi ndugu yangu wa Getanuwas, mkopo wa riba achana nao, hilo halina mjadala. Kununua kwa deni lisilo na riba ni halali. Mtume ﷺ alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri. Lakini shayiri ni chakula cha nyumbani, na mimi sioni sababu ya kubeba deni la miaka minne kwa gari linaloshuka bei tangu siku ya kwanza. Fedha uliyonayo inanunua gari zuri lililotumika, linalopanda milima ya Mbulu vizuri tu. Kipando chema kimetajwa katika hadithi kuwa sehemu ya raha ya mtu, na hakuna aliyesema lazima kiwe kipya.

Ukiona bado unalitaka shangingi, nenda kwa hao wa miaka minne na uwaulize swali la trekta. Gari likisombwa pale Katesh, kodi inasimama au inaendelea? Wakisema inasimama, na matengenezo makubwa na bima ni juu yao, hiyo ni ijara, leta mkataba tuusome pamoja. Wakisema inaendelea, basi hawakukodishi, wanakuuzia. Waambie waandike hati ya mauzo, yenye bei moja isiyobadilika ukichelewa, na kadi ya gari iandikwe jina lako.

Wallahu a'lam.