Dhahabu ya Rio na ile sindano

Ndugu zetu, safari hii tunaandika historia ya mbio, maana kati yetu huku Rusizi wako wengi wanaoamka saa kumi na moja kukimbia, wakisema miguu ndiyo itawatoa kambini.

Agosti 2016, Olimpiki ilikuwa Rio. Pale ndipo timu ya wakimbizi ilionekana mara ya kwanza, watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, waliofundishwa Ngong na Tegla Loroupe. Wawili walikuwa wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika, watu wa Bukavu, yaani hapa hapa ng'ambo ya Ruzizi! Popole alishinda pambano moja tu. Sisi linatutosha.

Michezo hiyohiyo, Jemima Sumgong akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchukua dhahabu ya marathoni. Miezi 8 haijafika, Aprili 2017, ikatangazwa amekutwa na EPO. Akafungiwa miaka 4, halafu 2019 ikawa 8, kwa sababu maelezo na karatasi za hospitali alizojitetea nazo zilionekana za uongo. Na yule wa pili wa Rio, Eunice Kirwa, Mkenya aliyekuwa akikimbia kwa jina la Bahrain? Naye EPO, 2019.

EPO yenyewe si sumu. Figo zetu zinaitengeneza kila siku ili mwili uongeze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Wagonjwa wa figo wanadungwa hospitalini. Mtu mzima akijidunga anachelewa kuchoka, lakini damu inakuwa nzito na moyo unaweza kusimama.

Wengine wanasema, sasa mkimbiaji maskini afanye nini, si anatafuta ugali? Tunaelewa njaa, hakuna wa kutufundisha. Lakini muulizeni Buzunesh Deba, mwana wa Ethiopia anayeishi New York. Boston 2014 alifika wa pili, nyuma ya Rita Jeptoo wa Kenya. Mwaka huohuo Jeptoo akakutwa na EPO. Deba akatangazwa mshindi mwisho wa 2016, kwenye karatasi tu. Pesa ya ushindi haikuja, kwa kuwa Jeptoo hakurudisha. Naye alikuwa na watoto wa kulisha kama sisi wote.

Kenya ilitunga sheria ya kupambana na dawa hizi mwaka 2016, na bado majina yanatoka kila mwaka. Kwa hiyo nyie mnaokimbia, jueni hili: kitakachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama ni dawa ya mafua uliyopewa na rafiki. Ukienda kutibiwa, mwambie muganga kwamba unashindana, na karatasi yake uiweke.

Deba alingoja karibu miaka 10. Mwaka 2024 shabiki mmoja wa mbio, mtu asiyemdai chochote, alisoma habari yake akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake.