Jicho la Fundi na Jua la Springfield

Hadi mwaka 1917, katika kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani mjini Springfield, Massachusetts, joto la tanuri lilipimwa kwa macho. Fundi alisimama mbele ya moto, akakitazama kipande cha chuma kikibadilika rangi, na ilipofika rangi aliyoizoea akakitoa. Mafundi hao walikuwa wakongwe wa kazi, na waliaminiwa kama anavyoaminiwa mpishi wa pilau ya harusi, ambaye hana haja ya saa wala kipimo.

Kipande chenyewe kilikuwa moyo wa bunduki ya M1903. Ni kile kiunzi cha chuma ambacho mtutu hukazwa mbele yake, na ndani yake komeo huenda na kurudi. Askari anapovuta kifyatulio, kiunzi hicho ndicho kinachobeba kishindo chote cha baruti, mbele kidogo tu ya jicho lake.

Aprili mwaka huo Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza na kasi ya kutengeneza bunduki ikapanda. Miezi michache baadaye, baadhi ya bunduki zikaanza kupasuka mikononi mwa wapigaji. Lawama za kwanza ziliangukia risasi, na si kwa kuonewa: maganda ya baadhi yake yalikuwa laini kupita kiasi, yakachanika na kuachia gesi ya moto irudi nyuma. Lakini ganda kuchanika ni ajali ambayo bunduki imara inatakiwa kuistahimili. Bunduki hizi viunzi vyake vilivunjika vipandevipande, kama chungu kilichoponyoka mkononi.

Wachunguzi waliporudi kwenye tanuri wakiwa na vipima joto, wakakuta jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Siku ya jua kali karakana ilijaa mwanga, na chuma kilichopashwa moto kilionekana kimefifia, kwa hiyo fundi alikiacha kiendelee kuiva. Siku ya mawingu, wekundu uleule ulionekana mapema zaidi. Tofauti kati ya “joto sahihi” la siku moja na la siku nyingine ilifika nyuzi 300 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 165 za Selsiasi. Viunzi vilivyofuliwa siku za jua vilikuwa vimeungua. Kwa nje viling'aa kama vingine, ila ukikipiga kimoja kwa nyundo kiliweza kuvunjika.

Na vyote vilikuwa vimepita ukaguzi.

Kila bunduki ilikuwa imepimwa kwa geji na kufyatuliwa risasi ya majaribio yenye shinikizo la paundi zipatazo 70,000 kwa inchi ya mraba, wakati risasi ya kawaida haikuzidi sana 50,000. Chuma kilichoungua kiliweza kulihimili shinikizo hilo maadamu ganda limeshika. Kilichokishinda ni pigo la ghafla la gesi iliyotoroka, na pigo hilo halikuwamo katika jaribio. Kiwango cha ukaguzi kiliuliza swali moja na kikajibiwa vizuri. Swali la pili hakuna aliyeliandika.

Februari 1918 Springfield ilianza kutumia vipima joto na utaratibu mpya wa kupasha chuma mara mbili, kuanzia bunduki zenye namba za karibu 800,000. Kiwanda cha Rock Island, Illinois, kilichounda bunduki hizohizo, kilifuata kuanzia namba 285,507. Nyuma ya namba hizo zilibaki bunduki zaidi ya milioni moja, na hakuna aliyeweza kusema ipi ilifuliwa siku ya jua na ipi siku ya mawingu.

Hesabu ya madhara iliachwa na Julian Hatcher, ofisa wa silaha aliyefika cheo cha Meja Jenerali, katika kitabu chake *Hatcher's Notebook* cha mwaka 1947. Aliorodhesha bunduki 68 zilizopasuka kati ya 1917 na 1929. Hakufa mtu, ila watatu walipoteza jicho. Kwa wastani ni bunduki moja katika kila 16,000. Mwaka 1927 bodi ya uchunguzi ilipendekeza zote ziondolewe kazini. Jenerali Samuel Hof akaamua vingine: zisigawiwe tena, ziwekwe akiba ya vita, na zile zinazorudishwa na askari kwa matengenezo viunzi vyake vitupwe. Jeshi lilipima hatari ya jicho la askari mmoja dhidi ya gharama ya kukosa bunduki milioni moja siku ya vita, likachagua.

Uamuzi kama huo unashangaza tu kwa anayedhani kiwango cha kijeshi ni cheti cha ubora wa juu kabisa. Historia yake ni nyingine. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alitembelea karakana ya fundi Honoré Blanc. Aliwekewa mafungu ya vipande vya mtambo wa kufyatulia bunduki, akaokota vipande bila kuchagua, akaviunganisha kwa mikono yake, na vikaingiana. Hilo ndilo lililomvutia: kipande cha bunduki hii kiingie katika ile, ili silaha iliyoharibika vitani itengenezwe bila kumngoja fundi aliyeiunda. Kiwango kilizaliwa kama lugha ya mnunuzi na mtengenezaji: vipimo hivi, chuma hiki, jaribio hili, ndipo tunalipa.

Tatizo ni kwamba mkataba unaweza kutimizwa herufi kwa herufi na bunduki bado ikamgomea askari. Vietnam ilitoa mfano wake.

Bunduki ya M16, iliyobuniwa na Eugene Stoner, ilijengwa kwa kutegemea aina fulani ya baruti. Mwaka 1964 jeshi liliruhusu risasi zake zijazwe baruti ya aina nyingine. Baruti hiyo iliisukuma risasi kwa kasi iliyotakiwa, lakini iliacha masizi mengi na kuiharakisha mitambo ya bunduki kupita ilivyokusudiwa. Chemba, yaani nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, haikupakwa kromiamu ya kuzuia kutu, ingawa ya bunduki iliyotangulia, M14, ilipakwa. Vifaa vya kusafishia vilikuwa haba, na askari walikuwa wamesikia kwamba silaha hii mpya haihitaji usafi mwingi. Katika unyevu wa misitu ya Vietnam, maganda yalinasa ndani ya chemba. Wapo waliokutwa wameuawa kando ya bunduki iliyofunguliwa, wakijaribu kulitoa ganda.

Kamati ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967 na kufichua jambo zito. Kwa kuwa bunduki nyingi zingevuka kikomo cha kasi ya ufyatuaji kwa baruti mpya, kiwanda kiliruhusiwa kuzifanyia jaribio la kupokelewa kwa risasi za baruti ya zamani. Zikapasi, kisha zikapelekwa kwa askari waliokuwa wakipewa risasi za baruti mpya. Masahihisho yalifuata: chemba za kromiamu, kifaa kipya cha kupunguza kasi, fimbo za kusafishia, na kijitabu cha matunzo kilichochorwa na msanii wa vibonzo Will Eisner.

Leo komeo la bunduki ya jamii hiyo hutengenezwa kwa chuma kilichotajwa kwa jina, likafyatuliwa risasi ya majaribio, kisha likafanywa sumaku na kupakwa chembechembe za chuma. Penye ufa hata mwembamba kuliko unywele, chembechembe hujipanga mstari. Lililo salama hugongwa alama. Hata hivyo makomeo huvunjika baada ya maelfu ya risasi, kwa sababu chuma huchoka. Kiwango hakikuahidi umri wa milele. Kilieleza kiasi cha chini ambacho mnunuzi atakubali, na mara nyingi zabuni huenda kwa atakayekifikia kwa bei ndogo.

Mwaka 1994 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, William Perry, aliagiza jeshi lipunguze kutegemea maelekezo yake maalumu na kununua bidhaa za kawaida za kibiashara pale zinapofaa. Cha ajabu, sokoni sifa ya “kiwango cha kijeshi” haikupungua. Simu zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, hutangazwa kuwa zimefikia MIL-STD-810, na mnunuzi hudhani jeshi limeziidhinisha. Hati hiyo inaeleza namna za kufanya majaribio ya joto, vumbi, maji na kuanguka. Jeshi halitoi cheti kwa simu hizo, na kampuni huchagua yenyewe majaribio ya kufanya. Anayenunua aulize ni majaribio gani yaliyofanyika, na nani aliyeyasimamia.

Bunduki za M1903 zenye namba za chini bado zipo mikononi mwa wakusanyaji wa silaha Marekani. Civilian Marksmanship Program, shirika linalowauzia raia bunduki zilizostaafu jeshini, linashauri zisifyatuliwe: za Springfield zilizo chini ya namba 800,000, na za Rock Island zilizo chini ya 285,507.