Kifaru wa Meru na Mtu Aliyetembea kwa Ajili Yake



Siku hizi chama chochote kikitaka kujenga zahanati au kuwalipia yatima karo, neno la kwanza kutajwa katika kamati ni matembezi. Kadi hugawanywa, jamaa na marafiki huahidi shilingi kadhaa kwa kila kilomita, na siku ikiwadia watu hujipanga barabarani kwa nyimbo. Si desturi mbaya. Lakini picha hupigwa siku ya kumaliza, na baada ya picha ni wachache waulizao kama jambo lililotembelewa liliokoka. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuandika katika taarifa hii habari za Mkenya mmoja aliyetembea kuliko sisi sote, pamoja na habari za wanyama wa hapa kwetu ambao aliitembelea jamii yao.

Michael Werikhe alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Katika ujana wake alifanya kazi katika bohari ya Serikali mjini humo, mahali zilipowekwa pembe za ndovu na za vifaru. Kila siku mikono yake ilishika mabaki ya wanyama ambao wengi wetu tuliwajua wakiwa hai, na kazi hiyo ilimchukiza. Aliiacha, akapata kazi ya ulinzi katika kiwanda cha kuunganisha magari. Hakuwa na mali wala cheo. Alichokuwa nacho ni likizo yake ya mwaka na miguu miwili.

Mwezi wa Desemba 1982 aliondoka Mombasa kwa miguu kwenda Nairobi. Ni kama kilomita 480, na alizimaliza kwa siku 27, yaani kama kilomita 18 kwa siku. Kijana mwenye haraka angeweza kwenda upesi zaidi. Werikhe alisimama na kuzungumza na watu njiani, kwa kuwa aliamini kwamba kifaru hataokolewa na wageni peke yao ikiwa mwananchi anayekaa karibu naye hana habari. Mwaka 1985 alitembea tena, safari hii katika Uganda, Kenya na Tanganyika ya zamani, zaidi ya kilomita 2,000, huku amebeba chatu aliyemwita Survival. Wazee watacheka, lakini nyoka yule alikuwa na kazi: watoto walimkimbilia, na wakubwa wakawafuata watoto.

Sasa turudi kwetu. Wazee hawahitaji kuambiwa kwamba vifaru walikuwa wengi katika misitu ya Mlima Kenya na katika nyika za Mbeere na Tharaka. Mwaka 1970 Kenya nzima ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa hawafiki 400. Pembe zao zilikwenda Yemen kuwa mipini ya majambia, na nchi za Mashariki ya Mbali kuwa dawa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, lakini marufuku haina bunduki.

Mbuga ya Meru ni fahari yetu, na yapasa vijana wajue kwamba haikuletwa na watu wa Nairobi. Ni halmashauri ya wenyeji wa Meru iliyoitenga nyika ile kabla ya Uhuru, na sehemu ya fedha za kuitunza ilitoka katika mapato ya vitabu vya Joy Adamson juu ya simba Elsa, aliyezikwa humo mwaka 1961. Mwaka 1966 ikawa mbuga ya taifa. Katika miaka hiyo hiyo waliletwa humo vifaru weupe kutoka Afrika Kusini. Walizoea watu mno, hata wakachungwa kama ng'ombe: mchana malishoni pamoja na askari wao, usiku zizini.

Mwaka 1988 Werikhe alikuwa Ulaya. Alitembea kutoka Italia hadi London, na safari hiyo ilipata fedha nyingi kuliko zote zilizotangulia. Jumla ya michango aliyoipatia kazi ya kuhifadhi vifaru ilikaribia dola milioni moja. Mwishoni mwa mwaka huo huo kundi kubwa la majangili liliingia Meru, likawashinda walinzi kwa idadi na kwa silaha, likawaua vifaru weupe watano waliobaki, karibu na makao makuu ya mbuga. Pembe zilichukuliwa. Nyama iliachwa.

Mtu anaweza kusema kwamba matembezi basi yalikuwa ya bure. Mimi sioni hivyo, ila sioni pia kwamba yalitosha. Fedha za mchango hufika polepole, hupita mikono mingi, na jangili hangoji hesabu ifungwe. Mwaka 1989 ndipo Serikali ilipobadili uongozi wa idara ya wanyamapori na kuwapa askari silaha za kufaa, na mauaji yakaanza kupungua. Yote mawili yalihitajiana: askari walihitaji fedha na nia njema ya wananchi, na nia njema ilihitaji askari.

Werikhe alipewa tuzo ya Goldman mwaka 1990, akatembea Marekani mwaka 1991, akarudi kazini kwake Mombasa. Mwezi wa Agosti 1999 alivamiwa na wahalifu karibu na nyumbani kwake, akafa akiwa na umri wa miaka 43. Hakuiona siku vifaru waliporudishwa Meru, mwanzoni mwa karne hii, ndani ya uzio uliojengwa kwa ajili yao. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha Kenya ina vifaru weusi 938.

Kamati ikiamua kuandaa matembezi ya chama, naomba wazee walifikirie pendekezo hili: yasiishie uwanjani penye hema na viti. Yaanze Embu mjini, yapite Chuka, Nkubu, Meru na Maua, yaishie katika lango la Murera, ili kila mwenye kadi aingie na kuuona uzio na wanyama waliomo, na awasikilize pia majirani wanaoharibiwa mashamba na ndovu. Ni karibu kilomita 200. Kwa mwendo wa Werikhe ni siku kumi na moja au kumi na mbili, tukihesabu na muda wa kusimama na kuzungumza na watu njiani.