Bia ya kahawia: namna ya kuionja, kuipa alama na kujua iliharibikia wapi

Mzigo wa bia ukifika ghalani na mteja akalalamika kuwa ladha imebadilika, swali huwa moja: nani alipe? Mwenye kiwanda husema bia ilitoka salama. Msafirishaji husema alibeba kreti zilizofungwa. Ugomvi huu hauishi kama hakuna aliyeionja bia siku ya kupakia.

Bia ya kahawia ni ipi?

Aina hii ya bia ina asili yake Uingereza. Iliyopata jina zaidi ni Newcastle Brown Ale, iliyoingia sokoni mwaka 1927. Rangi hutokana na kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mkali zaidi, na ladha yake hukumbusha karanga, tofi, biskuti au mkate uliookwa.

Kwa mujibu wa mwongozo wa BJCP, mpango wa kuwafunza majaji wa bia ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, bia ya kahawia ya Kiingereza huwa na kileo cha asilimia 4.2 hadi 5.9. Ile ya Kimarekani huwa asilimia 4.3 hadi 6.2, na harufu ya hopsi husikika zaidi.

Alama 50

Majaji wa BJCP hugawa alama hivi:

- Harufu: 12
- Mwonekano: 3
- Ladha: 20
- Uzito na gesi mdomoni: 5
- Tathmini ya jumla: 10

Bia yenye alama 38 hadi 44 ni bora sana. 30 hadi 37 ni nzuri sana. 21 hadi 29 ni nzuri lakini ina kasoro. Chini ya 14 ina kasoro kubwa.

Namna ya kuonja

Bia isiwe baridi sana. Nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi zinatosha, kwani baridi kali huficha kasoro. Mimina kiasi kidogo katika glasi safi isiyo na harufu ya sabuni. Nusa kwanza, kwa sababu harufu hupotea haraka. Kisha tazama rangi na povu, halafu onja. Andika alama kabla ya kuzungumza na wenzako.

Kasoro na chanzo chake

- Harufu ya siagi: mara nyingi uchachushaji haukukamilika kiwandani.
- Uchachu usiotarajiwa: vijidudu vimeingia, kwa kawaida kwa uchafu wa mitambo au wakati wa kujaza.
- Ladha ya karatasi au boksi lililolowa: hewa iliingia chupani wakati wa kujaza, kisha joto na muda vikaongeza kasi. Hapa lawama inaweza kuwa ya pande zote mbili.
- Harufu kali kama ya kicheche: bia imepigwa na mwanga. Chupa ya kahawia hukinga vizuri kuliko ya kijani au isiyo na rangi.

Wasafirishaji waijue kanuni ya makadirio ya watengenezaji bia iitwayo 3-30-300: siku 3 katika joto la nyuzi 32 huichosha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Lori likikaa siku tatu juani mpakani likisubiri karatasi za forodha, bia imezeeka mwezi mzima.

Kabla ya kutia saini

Siku ya kupakia, pande zote zionje chupa moja ya toleo linalosafirishwa na kuandika alama kwenye hati ya mzigo. Chupa nyingine ya toleo hilohilo ifungwe kwa lakiri na kuwekwa kwenye friji. Mgogoro ukitokea, ifunguliwe pamoja na iliyosafiri. Zote mbili zikiwa mbovu, kiwanda kijieleze. Ya friji ikiwa nzima na iliyosafiri imeharibika, tatizo ni la njiani.

Dereva asiwe miongoni mwa waonjaji.