Mawe ya Mlangoni mwa Bandari ya Kilwa

Wana Kilwa wenzangu, tukitaja urithi wetu tunaanza na Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza. Upo urithi mwingine ambao maji huufunika na kuufunua kila siku: njia za mawe zilizojengwa juu ya mwamba, mlangoni mwa bandari ya Kilwa Kisiwani.

Mwanaakiolojia Edward Pollard alizichunguza na kuchapisha maelezo yake mwaka 2008. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kati ya karne ya 13 na ya 16. Urefu wake hufika mita 200 hivi, lakini kimo hakifiki hata mita 1.

Kimo hicho kina maana. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 au zaidi. Gati la kufungia vyombo lingetaka ukuta mrefu, na vyombo vya siku zile havikuuhitaji. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba, uliingia na maji, ukapwelewa mchangani, ukapakuliwa, kisha ukaelea tena maji yalipojaa. Kazi kubwa ilikuwa kulinda mlango: kumwonyesha nahodha mwamba ulipo, kupunguza nguvu ya mawimbi, na kumpa mvuvi mahali pa kukanyaga.

Sasa fikirieni ujenzi wenyewe. Maji yakipwa, mafundi walipata saa chache tu za kubeba na kupanga mawe, kisha bahari ikarudi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Kazi ya namna hiyo hutaka watu wengi, subira na fedha zisizokatika. Kilwa ilikuwa nazo: ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala na ushuru wa bandari, hata ikapiga sarafu zake za shaba. Mimi mhasibu nayasoma mawe yale kama hesabu: sehemu ya kilichopatikana baharini ilirudishwa baharini.

Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, na biashara ikayumba. Mawe yalibaki. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari kula fukwe ilikuwa miongoni mwa sababu. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya ukarabati na kazi ya kuzuia mmomonyoko, pamoja na kupanda mikoko.

Lakini bahari haijaacha kula. Mkoko uliopandwa hutaka kutunzwa, na jiwe likitolewa kwenye njia zile likatiwa kwenye msingi wa nyumba au tanuri la chokaa, halirudi tena. Sisi tulioko Dar es Salaam hupenda kuchangia kitu kipya chenye uzinduzi na picha. Matunzo hayana uzinduzi, kwa hiyo hukosa fungu.

Ombi langu ni kwamba katika michango ya mwaka huu tutenge fungu la matunzo ya ufukwe, liandikwe kwenye bajeti ya chama kila mwaka, na lisomwe mbele ya mkutano mkuu kama mafungu mengine. Wahenga wetu walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa baharini, ndugu zangu, gharama yake mnaijua.